The Final Reckoning: Hela yote imeingia kwenye ile ndege

Wadau wangu, karibuni. Leo salamu fupi, maana hii Mission: Impossible – The Final Reckoning ya 2025 imenipandisha mzuka na kunikera kwa wakati mmoja. Hadithi mnaijua: jasusi Ethan Hunt, yaani Tom Cruise, akili bandia inayotaka kuiteketeza dunia, ufunguo, manowari iliyozama. Hayo tunayaruka. Nataka tuongelee ndege.

Kipande chenyewe siwezi kukicheza hapa, video itashushwa hata hamjaandika maoni. Kwa hiyo nina hii ndege ya kuchezea. Sogeeni. Ni mfano wa Boeing Stearman, zile za kufundishia marubani enzi za Vita Kuu ya Pili. Bawa moja juu, jingine chini, na katikati mnaona hizi nguzo na nyaya. Mtu akiwa nje huku, mahali pa kushika ni hapo tu na ukingo wa sehemu ya rubani. Tom Cruise anatambaa hapa, miguu inaning'inia, na kamera imefungwa kwenye ndege yenyewe inamtazama usoni.

Najua yupo atakayesema hiyo ni kompyuta. Haya, tazama mashavu. Ngozi inavutwa nyuma na kupigapiga, mdomo unajaa upepo. Studio wanaweka feni, na feni inapeperusha nywele na shati vizuri tu, lakini shavu haliendi vile. Halafu mwanga. Nailaza ndege hivi, kushoto, taa yangu iko palepale: mmeona kivuli cha bawa la juu kilivyopita juu ya kiti? Kwenye picha kinapita usoni kwake vilevile, na mlima ulio nyuma unainama sawia na kivuli. Picha za kutengeneza mara nyingi zinajisaliti hapo: mandhari inazunguka, uso una mwanga uleule mwanzo hadi mwisho. Siku hizi kuna kuta za skrini zinazotoa mwanga unaohama, kwa hiyo kivuli kinaweza kughushiwa. Shavu bado gumu.

Kompyuta imetumika, ndiyo, kufuta mikanda na nyaya za usalama. Hiyo haina shida. Mtu kutokuanguka ndiyo kazi yenyewe. Milima mnayoiona ni Drakensberg, Afrika Kusini, na ule mwavuli wa kurukia angani (parachuti) unaowaka moto, Cruise ameingia kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuruka na miavuli inayowaka mara 16.

Sasa kero. Picha ina karibu dakika 170, na saa ya kwanza ni maelezo. Watu wamesimama kwenye chumba chenye giza, mmoja anaanza sentensi, wa pili anaiendeleza, wa tatu anaimalizia kwa kunong'ona, halafu wanakuwekea vipande vya picha za zamani kana kwamba umezaliwa jana. Wa vibanda umiza, DJ wenu atatoka jasho hiyo saa moja. Ikifika manowari anaweza kwenda kunywa chai, maana pale hakuna anayeongea. Ni chuma kinalia, maji yanapanda, ile manowari inabingirika kwenye sakafu ya bahari na makombora yanateleza kumfuata stelingi. Na kadiri ninavyoisema naona huenda manowari ndiyo kali kuliko ndege. Ndege inakutisha kwa sababu unajua ni kweli. Manowari inakutisha hata ukijua ni seti ndani ya tangi la maji.

Bei sasa. Ripoti zinataja bajeti ya kati ya dola milioni 300 na 400, na dunia nzima imeingiza chini kidogo ya milioni 600. Ukikumbuka kwamba majumba ya sinema nayo yanachukua fungu lao, hapo hesabu haijakaa vizuri. John Wick: Chapter 4 ya 2023, urefu karibu uleule, ilitumia kama milioni 100. Chad Stahelski aliyeiongoza alikuwa stanti, yaani mtu wa kufanya vipande vya hatari badala ya mwigizaji; ndiye aliyesimama badala ya Keanu Reeves, Wick mwenyewe, kwenye The Matrix, kwa hiyo anaweka kamera mbali ukaona mwili mzima. Ngumi inatoka, inafika, mtu anaanguka, vyote bila kukata. Picha mbovu hukata mara tatu hapo: bega, taya, sakafu. Wanaficha kwamba ngumi haikufika popote. Shilingi kwa shilingi, Wick anashinda. Kwa moyo kwenda mbio, Cruise.

The Fall Guy ya 2024 mliionea, nitalisema hilo. Gari linabingirika mara nane na nusu, rekodi ya dunia, dereva Logan Holladay yuko ndani. Chini ya gari wanafunga mzinga unaopiga ardhi na kulirusha. Rekodi ya nyuma ilikuwa saba. Na Oscar sasa wamekubali kuwapa hawa watu wa stanti tuzo yao, wataanza na picha za 2027. Wamechelewa mno!

Kama utaiangalia nyumbani, HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo bando la GB 8 au 9, vinginevyo itakukatikia ndege ikiwa angani. Usiangalie nakala iliyorekodiwa ukumbini kwa kamera. Ile manowari ni giza tupu, utaona weusi na kichwa cha mtu wa mbele. Kwenye simu, vaa spika za masikioni.

Na TV, tafadhali. Nenda kwenye mipangilio ya picha, zima ile inayolainisha mwendo. LG wanaiita TruMotion, Sony wanaiita Motionflow. Inatengeneza fremu za uongo katikati ya fremu za kweli, picha inateleza kama tamthilia ya mchana, na pale kwenye ndege mtu aliyening'inia kweli anaonekana amebandikwa. Milioni 300 zimepotea kwa kitufe kimoja. Ukikuta hali ya Filmmaker au Cinema, weka hiyo.

Ijumaa ni Ballerina ya Ana de Armas, na nitaanza moja kwa moja na pambano la mitambo ya kurusha moto. Ambao hamjabonyeza kengele, bonyezeni.