Makava ya rimu: kabla hujalipa, mwambie muuzaji alitoe

Wasomaji wananiandikia kuhusu makava ya rimu, na wengi wanalia kilio kimoja. Mmoja pancha ilimkuta karibu na Mdaula, akitoka Morogoro, jua la saa nane. Spea anayo, jeki anayo, spana anayo, na pembetatu kaziweka barabarani kama sheria inavyotaka. Alichokosa ni nati za kufungua. Rimu nzima ilifunikwa na sahani jeusi la plastiki, lile la mtindo wa "kukata upepo", na fundi alikuwa amelifunga kwa tai za plastiki kuzunguka pande zote ili wezi wasiling'oe. Kisu hana. Kijana wa bodaboda ndiye aliyezikata moja moja kwa kipande cha chupa, huku malori yanapita karibu na mgongo wake.

Kwa hiyo leo rangi siongelei, wala kama linaendana na gari lako jeupe. Saizi pia ni neno moja tu: soma ubavuni mwa tairi, namba inayofuata herufi R. Ukiona 165/70R14, kava lako ni la 14, basi. Ninachotaka tukiangalie ni kitu ambacho hakuna muuzaji atakayekitaja: kava linatokaje, na pale pa kujazia upepo pako wapi.

Nianze na upepo, maana ndiyo ngonjera wanayokuimbia dukani. "Dada, hili linapunguza mafuta." Si uongo mtupu. Gurudumu linalozunguka linavuruga hewa, na ukilifunika gari linapita kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana Toyota waliweka makava ya plastiki juu ya rimu za alumini kwenye Prius, na Tesla nao wakafanya hivyo kwenye Model 3 ya rimu 18. Wanajua wanachofanya. Lakini ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 50 kwenda 100 kwa saa, unakuwa mara nne. Sasa wewe wa foleni ya Ubungo, hiyo 100 unaipata saa ngapi? Ukitoka mjini nako, kila kijiji kina kibao cha 50, na afande yuko chini ya mwembe na tochi yake.

Kwenye mwendo wetu huu, kinachokula mafuta zaidi ni tairi lenye upepo pungufu. Hapo ndipo sahani zima linapogeuka kituko. Mengi hayana tundu la valvu. Unaingia sheli, unaomba upepo, kijana anazunguka gari, anaona hakuna pa kuchomeka mpira, anakwambia "liko poa hilo" na kuendelea na gari linalofuata. Wiki zinapita. Tairi linalala, linapata joto, linaanza kulika pembeni, na mwisho linapasuka ukiwa na watoto nyuma. Kava ulilonunua kuokoa mafuta ndilo linaloyamaliza, na ndilo hilo hilo litakalokuzuia kubadilisha tairi siku likipasuka.

Namba moja kwangu ni Toyota oginal, la mtumba kutoka Japani. Napendelea Toyota na sijifichi, atakayenuna anune. Ligeuze uone mgongo wake. Utakuta makucha ya plastiki yanayozunguka ukingo, na ndani yake pete ya waya wa chuma inayoyasukuma kwa nje. Pete hiyo ndiyo kila kitu. Inalishika kava kwenye tuta za Chalinze, na inakubali kuachia ukilitekenya panapotakiwa. Namba ya spea ya makava mengi ya Toyota huanza na 42602, na tarakimu mbili za kwanza baada ya kistari zinakuonyesha ukoo wa gari: 47 ni Prius, 52 ni ukoo wa Vitz. Muuzaji akikwambia ni la Prius na wewe unaona 52, mrudishie kwa heshima.

Kulitoa ni hivi. Chukua ncha bapa ya spana au ya mkono wa jeki, ifunge kitambaa, ichomeke kwenye ukingo, usukume kidogo. Usilivute lote kwa upande mmoja, kucha zitakatika. Sogea robo ya duara, sukuma tena, sogea, sukuma. Litaachia lenyewe kwa mlio. Kitabu cha Toyota chenyewe kinasema utumie kitambaa, kwa hiyo fundi akikucheka, mwache acheke. Kisha lilaze chali kando yako, uweke nati humo ndani zisipotee kwenye nyasi. Kumbuka nati zinalegezwa kidogo tairi likiwa bado chini, kabla ya kupiga jeki.

Kurudisha kuna ujanja wake. Kwenye kava kuna pengo la valvu. Anza hapo: valvu ikae ndani ya pengo, bonyeza kwa kiganja pande zote mbili za valvu, panda juu taratibu, na upande wa mwisho upige kofi. Ukianzia juu, pengo litahama, na kava litaibana valvu kila gurudumu linapozunguka. Nimewahi kuona valvu iliyolikwa hivyo hadi ikaanza kuvuja shinani, na mwenye gari alishaziba pancha ambayo haikuwepo.

La Prius lina faida moja zaidi. Likidondoka, chini yake kuna rimu ya alumini inayoonekana vizuri tu, kwa hiyo huaibiki wala hukimbilii dukani kesho yake. Ila halikai kwenye rimu nyingine yoyote, hata ya Toyota. Usidanganywe na aliyekwambia "linachongwa kidogo tu".

Namba mbili ni kava lililo wazi katikati, lenye nati zinazoonekana. Kwa kukata upepo halina sifa kubwa, lakini barabarani ni mkombozi, kwa sababu nati unazikagua bila kung'oa chochote. Hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri: ukishafunga tairi jipya, nati zinatakiwa kukazwa tena baada ya mwendo fulani, na aliyezificha nyuma ya sahani hakazi. Nenda dukani na spana yako mkononi. Toyota na Nissan nyingi ni 21, Honda na Suzuki nyingi ni 19. Iingize kwenye tundu la kava, izungushe. Tundu likiwa jembamba, spana itagusa plastiki na utalitoa kava vile vile, sasa umenunua nini? Angalia pia zisije zikawa nati za urembo. Yapo makava yenye vichwa vya nati vya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na nimeona mtu mzima na akili zake akikalia spana kwa uzito wote kufungua nati isiyokuwepo.

Namba tatu ni masahani yanayoiga ya Tesla. La Tesla lenyewe limefikiriwa: unaingiza vidole kwenye nafasi zake na kulivuta kwa mikono mitupu, bila kifaa. Waigaji walichukua sura, vidole wakavisahau. Ukilipenda, lipende kwa masharti mawili: liwe na tundu la valvu, na muuzaji alitoe mbele yako bila bisibisi. Akianza kuzunguka dukani kutafuta bisibisi, umeshapata jibu. Na wa Iringa mnaoshuka mlima Kitonga, jueni kwamba kava lililoziba kabisa linazuia hewa inayopoza breki.

Yale ya bei chee ya kwenye foleni, yanayouzwa manne kwa seti ndani ya nailoni: plastiki inakauka na jua, kucha zinakatika, utayaacha kwenye tuta la pili. Tumemaliza.

Sasa yapo mawili ambayo hata ukipewa bure usichukue. La kwanza ni kava la kuchomekwa tu ambalo fundi anataka kulibana chini ya nati za gurudumu "ili lisitoke". Yapo magari ambayo kiwandani kava lilibuniwa kushikwa na nati, na hayo yana umbo lake. Kulibana la kawaida ni kuweka plastiki kati ya nati na rimu. Plastiki ikipata joto inalainika, nati inalegea, na hapo hatuongelei tena pancha, tunaongelea gurudumu linalokupita barabarani. La pili ni masahani ya bati yanayofungwa kwa skrubu zilizotobolewa kwenye rimu. Asili yake ni magari ya mashindano ya mwendo kasi Marekani, kama yale yanayokimbizwa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, ambako hakuna tuta wala machinga. Rimu yako itobolewe kwa lipi?

Tukija kwa wauzaji, nina dukuduku. Kwanza hii tabia ya kukataa kuuza moja. Umepoteza kava moja, unakwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, unaambiwa ni seti tu. Ukisema basi naacha, ukageuka, ghafla moja linapatikana, tena bei ya seti nusu. Pili, bei inasomwa kwenye funguo ya gari yako na jinsi ulivyovaa. Nilimtuma mdogo wangu na ndala, akarudi na kava lile lile kwa bei ambayo mimi nilicheka kuiulizia. Tatu, na hili linaniuma, yapo makava mtumba yanayouzwa bado yana vumbi jekundu la barabara zetu. Japani ipi yenye vumbi lile? Unaibiwa usiku, unauziwa mchana, na unaambiwa "una bahati mama, limebaki la mwisho". Ndiyo maana watu wanafunga tai za plastiki, nami siwalaumu. Lakini ukizifunga, weka koleo dogo la kukatia kwenye droo ya gari. Liwe mbele karibu yako, lisiwe kwenye buti chini ya mizigo ya shamba.

Aliyeuliza kama kava linahamishiwa kwenye spea: ile spea nyembamba ya muda, hapana. Litupe kwenye buti hadi pancha izibwe. Na kava lililopasuka usilirudishe kabisa, linaweza kuruka ukiwa kwenye mwendo na kumpiga mwenye pikipiki.

Aliyeuliza achague kava gani kwa Toyota Aqua yake: fungua buti leo uangalie chini ya zulia. Nyingi zinashuka bandarini bila spea, zina kipampu cha umeme na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Dawa hiyo inapita kwenye valvu. Kwa hiyo kwako wewe, kava lisilo na tundu la valvu lisiingie hata kwenye orodha, na ukishatumia ile chupa mara moja, nunua nyingine, haijazwi tena.