Lori la dizeli na baridi ya Kabale: nunua nini kwanza

Aliyewahi kulaza lori Kabale, Kisoro au Kapchorwa, miji ya milimani Uganda, anaijua saa kumi na moja alfajiri. Ukungu umetanda bondeni, taniboi amejifunga blanketi, stata inazunguka kwa kusuasua, na moshi mweupe unatoka bila injini kushika. Hapo ndipo mtu huanza kuulizia hita ya injini, ile inayochomekwa kwenye umeme usiku kucha ili maji ya injini yasipoe. Kabla hujatoa pesa, soma mpangilio wangu. Hita hiyo nimeiweka karibu na mwisho, na nina sababu.

Dizeli haiwashwi kwa cheche. Hushika moto kwa joto la hewa iliyokandamizwa ndani ya silinda, kwa hiyo stata ikizunguka polepole, hewa haipati joto la kutosha. Halafu kuna mwinuko. Kwenye mita 1,900 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya Mombasa, hivyo lori lililowaka vizuri Malaba, mpakani na Kenya, jana linaweza kukugomea Kabale leo na hakuna kilichoharibika njiani. Udhaifu ulikuwepo tayari, baridi imeufichua tu. Na baridi yetu yenyewe ni ya nyuzi 10 hivi alfajiri, mara nyingine chini kidogo. Dizeli haigandi kwa baridi hiyo.

Namba moja ni betri, na hapa sibishani na mtu. Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Nunua zote mbili siku moja, kampuni moja, ukubwa mmoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile kuukuu itaiburuta mwenzake, na baada ya miezi michache utakuwa na mbili mbovu. Rudisha ukubwa uliokuja na lori, iwe N100, N150 au N200, na uangalie tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye mwili wake, kwa sababu betri iliyokaa dukani muda mrefu imeanza kufa kabla hujailipia. Mwambie muuzaji aipime mbele yako. Iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu.

Lakini usinunue kabla ya kusafisha vichwa vya betri na kukaza waya wa ethi kati ya chesisi na injini. Jaribu kuwasha mara mbili tatu, kisha uguse waya huo. Ukiwa wa moto, nguvu inapotelea hapo, na betri mpya haitakusaidia.

Namba mbili, kwa wenye Canter, Dyna na Elf za zamani, ni hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha joto ndani ya injini kabla ya kuwasha. Hizi ndizo ninazoona watu wakikosea zaidi. Kuna za volti 11, za 12 na za 23 au 24, na kwa macho zinafanana kabisa. Niliwahi kuuziwa seti ya volti 11 kwa gari la volti 24, zikaungua zote asubuhi ya kwanza, nikashinda siku nzima barabarani na mzigo wa viazi. Soma namba iliyochongwa kwenye mwili wa plagi, usisome boksi. Kabla ya kununua, toa bamba linaloziunganisha na upime kila moja kwa mita: nzima husoma omu chache tu, iliyokufa haisomi chochote. Mbili zikiwa zimekufa, badilisha seti nzima, maana zilizobaki zina umri uleule. Kuwa mwangalifu unapozifungua. Ncha ikikatikia ndani, utavua silinda hedi.

Malori makubwa mengi ya kuvuta trela hayana hita plagi kabisa. Fundi akikwambia anataka kubadilisha za kwako, mwambie akuonyeshe zilipo.

Tatu ni oili. Bado kuna wanaomwaga oili ya namba 40 tupu kwa mazoea. Alfajiri huwa nzito, na stata inabeba uzito huo wote. Chukua 15W-40 ya dizeli. Ile 15W maana yake imepimwa kwa baridi kali kuliko yoyote utakayoikuta Kigezi, eneo la Kabale na Kisoro, kwa hiyo hakuna haja ya kulipia 5W.

Nne, themostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Haiwashi injini, lakini naiweka hapa kwa uchungu, kwa kuwa gereji nyingi huitoa na kuitupa wakiogopa injini kuchemka. Injini isiyo nayo hupanda milima yote ya Kabale ikiwa baridi, inakula dizeli na kulika silinda. Hufunguka kwenye nyuzi 80 na ushee. Irudishe.

Sasa hita ya bloku, ile ya kuchomeka niliyoanza nayo. Ni chombo kizuri kwa kwao: Andrew Freeman wa North Dakota, Marekani, alipata hataza ya hita yake ya injini mwaka 1949, na Fairbanks, Alaska, maegesho huwa na soketi za kuchomekea magari. Ukikuta injini ya mtumba iliyotoka Marekani au Kanada ikiwa na waya wa hita, usiichomeke. Imetengenezwa kwa volti 120, na kwenye 240 za kwetu huvuta nguvu mara nne, ikaungua au ikachoma waya. Ya volti 240 itakula uniti tatu za Yaka (umeme wa kulipia kabla) kwa saa tatu ikiwa ni ya wati 1,000, na huko Katuna, mpakani na Rwanda, utachomeka wapi? Uganda anayeihitaji kweli ni mwenye jenereta ya dharura, tuseme ya hospitali, ambayo lazima ibebe mzigo sekunde chache baada ya umeme kukatika.

Kwa dereva anayelala kabini mara kwa mara, afadhali hita ndogo inayochoma dizeli, kama Webasto au Eberspächer, ambazo baadhi ya malori kutoka Ulaya huja nazo. Akague bomba lake la moshi kwanza. Likivuja ndani ya kabini, linaua mtu usingizini.

Kopo la etha la kupuliza kwenye hewa ya injini silipi namba kwenye orodha hii. Likikutana na hita plagi zilizowaka moto, hulipuka kwenye bomba la hewa na linaweza kupasua pistoni. Kama liko kabini mwako, litoe leo.