Mashine ya gemu ya kununua kama mwenzako hajawahi kushika padi

Mume wangu ni dereva wa watalii. Anashusha Land Cruiser kreta ya Ngorongoro wakati wa matope, na wageni nyuma wanaendelea kupiga picha. Usiku mmoja wa Aprili, msimu wa wageni umelala na mvua inapiga bati hapa kwetu Sakina, Arusha, nilimpa padi ya PlayStation (PS), kile cha kushika chenye vitufe, nikamwambia apite mlango uliokuwa mbele yake kwenye skrini. Dakika kumi nzima mtu wake wa kwenye gemu alikuwa amekazia macho dari. Mwishowe akaweka padi mezani taratibu, akasema, "Mama, hii si yangu," akaenda kulala.

Kosa halikuwa lake. Gemu nyingi za sasa zinadai vidole gumba viwili vifanye kazi mbili kwa pamoja: kijiti cha kushoto kinatembeza miguu, cha kulia kinageuza kamera, yaani macho. Sisi tuliokua tukigombea padi na kaka zetu hatukumbuki hata tulijifunza lini. Anayeanza ukubwani akisogeza kimoja anasahau kingine, na anajiona mjinga mbele ya mtu anayempenda. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wala si kwa sababu gemu ni mambo ya watoto.

Kwa hiyo ukitaka kununua mashine kwa ajili ya mke, mume au mchumba, usianze na ubora wa picha. Mimi nimepanga kwa maswali mawili. Kwanza, itachukua muda gani mpaka mwenzako aache kutafuta vitufe na aanze kucheka na wewe? Pili, kifaa kikisumbua, au mkitaka gemu nyingine, mtaipata Arusha au Moshi bila kusubiri mzigo kutoka Dar?

Ya kwanza: PS4 iliyotumika, ya diski, na padi mbili nzima

Mashine yenyewe ilitoka 2013 na ile nyembamba, Slim, ikafuata 2016. Ni ya zamani, na kwa shughuli hii uzee wake ni faida. Iliyotumika bado inahesabiwa kwa laki wakati PS5 imevuka milioni. Vibanda vingi vya gemu vimeishi kwa hiyo, kwa hiyo mafundi wanaijua na diski zinazunguka mikononi mwa watu. Ukimaliza gemu unabadilishana na mwingine, ukiongeza kidogo. Diski za PS4 hazibagui nchi: iliyotoka Dubai, Uingereza au Marekani itacheza kwenye mashine yako.

Diski ina faida nyingine ambayo mtu wa bando ataielewa haraka. Gemu moja kubwa ni makumi ya GB. Ukiwa na diski, sehemu kubwa ya gemu inaingia kwenye mashine kutoka kwenye diski yenyewe, na gemu za watu wawili kwenye sebule moja hazihitaji intaneti kuchezwa. Na ukijaribu kufungua akaunti ya PlayStation, Tanzania hutaiona kwenye orodha ya nchi, jambo ambalo linafanya kununua kwa njia ya mtandao kuwe usumbufu zaidi.

Padi ya pili inunue kabla ya gemu ya pili. Nasisitiza, kwa sababu watu wengi hufanya kinyume: wananunua mashine na padi moja, halafu mmoja anacheza na mwenzake anaangalia. Anayeangalia atavumilia siku mbili, ya tatu atachukua simu yake. Na padi nzuri mpe yeye mgeni. Wewe una uzoefu, utaizoea ile yenye kijiti kilicholegea.

Kabla hujatoa hela, fanya hivi palepale dukani. Omba iunganishwe kwenye TV. Fungua menyu, weka padi mezani, usiiguse. Alama ikianza kutembea yenyewe, kijiti kimekwisha. Ni ugonjwa wa kawaida, sehemu ya ndani inalika kwa kusuguliwa. Chomeka waya wa chaji uone kama tundu limelegea. Ingiza diski uliyokuja nayo wewe, isiwe ya muuzaji, na usubiri angalau dakika ishirini gemu ikiwa inachezwa. Feni ikianza kuvuma kama mashine ya kusaga, vumbi limejaa ndani. Ni jambo linaloweza kusafishwa, ila bei ishuke. Tikisa kidogo waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye TV, uone kama picha inakatika. Angalia pia kama akaunti ya mwenye mashine wa zamani imeondolewa, na kama lebo ya umeme imeandikwa 100–240V.

Hili la kupima mimi nililijua kwa hasara. Duka moja mjini, sitalitaja, liliniuzia padi ya pili iliyofungwa vizuri kwenye boksi, na wiki haikuisha kitufe cha kurukia kikagoma. Ilikuwa ya bandia. Mume wangu alidhani ni yeye hajui kubonyeza. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko hela.

Kama unatafuta fundi, muulize mwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwako anampelekea nani padi zake. Yeye zinamharibikia kila wiki, hawezi kuvumilia fundi mbovu. Ila mwenzako usimpeleke kibandani kwa somo la kwanza. Pale pana kelele, pana vijana wanaosubiri zamu, na mtu mzima hajifunzi akiwa ametazamwa migongoni.

Gemu zenyewe, maana mashine bila hizi ni mzigo

Anza na Overcooked. Mnapika pamoja: mmoja anakata vitunguu, mwingine anachemsha supu, vyombo vinaoshwa, oda zinaingia, muda unakimbia. Kamera haisogezwi na mtu, inaangalia jiko kutoka juu, kwa hiyo kijiti kimoja na vitufe vichache vinatosha. Toleo la kwanza lilitoka 2016, la pili 2018, na lipo lililounganisha yote mawili, All You Can Eat, ambalo lina mpangilio wa kuwasaidia wanaoanza kwa kuongeza muda. Ukilipata hilo, chukua hilo. Onyo moja: gemu hii inapiga watu kelele. Kama nyinyi mna tabia ya kukwaruzana jikoni kweli, washeni huo msaada tangu mwanzo.

Iliyomshika mume wangu lakini ni Unravel Two, ya 2018. Ni vijitu viwili vya uzi wa sufu vilivyofungwa pamoja kwa uzi mmoja. Mnakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, mnarukaruka, mnavutana. Hakuna anayeweza kumwacha mwenzake, uzi hauruhusu. Na penye ugumu, kijitu kimoja kinamrukia mwenzake wanakuwa kitu kimoja, kisha mwenye uzoefu anavusha wote wawili. Kwa anayeanza hiyo ni heshima kubwa sana: anavushwa bila kunyang'anywa padi. Kamwe usimnyang'anye padi mwenzako ukisema "lete nikuoneshe". Mwambie kitufe kwa mdomo na usubiri, hata akianguka mara nane.

Kwa mtu asiyependa kukimbizwa na saa, ipo Stardew Valley. Iliandikwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne, ikatoka 2016. Mnarithi shamba lililojaa magugu, mnalima, mnamwagilia, mnafuga kuku. Kwenye PS4 mnaweza kugawana skrini. Mtu aliyekulia kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Kichaga, kule Kibosho au Machame hahitaji kuelezwa kwa nini kuona safu ya miche imeota kunatuliza moyo.

It Takes Two ndiyo kila mtu atakayokutajia ukiuliza gemu ya wapenzi. Ilitoka Machi 2021, na Desemba mwaka huohuo ikachukua tuzo ya gemu ya mwaka kwenye The Game Awards. Ni ya mume na mke wanaotaka kuachana, wanageuzwa wanasesere, na inabidi washirikiane ili warudi walivyokuwa. Inastahili sifa zake zote. Lakini usianze nayo! Kila mchezaji anaongoza kamera yake, na ndiyo ileile kazi ya vidole gumba viwili iliyomlaza mume wangu mapema. Ipeni miezi miwili.

Na mpira? Kama mwenzako anapenda mpira, EA Sports FC, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA mpaka 2023, inawaruhusu mkae timu moja. Chezeni upande mmoja dhidi ya mashine. Kumfunga mtu mabao saba siku yake ya kwanza si kumkaribisha. Simba na Yanga hutazikuta humo, mwambie mapema asije akavunjika moyo.

Nilidhani mume wangu angependa gemu za magari. Akaniambia mchana kutwa yuko kwenye usukani, usiku anataka kupumzisha macho. Mchagulie mwenzako kwa kile kinachompumzisha. Kazi yake inaweza kukudanganya.

Ya pili: Nintendo Switch

Kwa mikono ya mgeni, hii ndiyo bora kuliko zote, na ningekuwa naishi mji wenye maduka yake ningeiweka juu. Ilitoka 2017. Padi yake inagawanyika vipande viwili, kila kimoja padi ndogo yenye kijiti kimoja, kwa hiyo ukinunua mashine umeshapata padi za watu wawili. Mario Kart 8 Deluxe ina msaada wa usukani unaozuia gari kutoka njiani, na unaweza kuiwekea ijikanyagie mafuta yenyewe. Bibi yangu angeshinda.

Tena ina betri. Umeme ukikatika mnaisimamisha mezani, mnaendelea. Toleo la kwanza linakaa kati ya saa mbili na nusu na sita na nusu, lililoboreshwa mwaka 2019 linafika saa tisa kwa gemu nyepesi.

Kilichoishusha ni swali langu la pili. Kadi zake za gemu ni nadra huku kwetu, hazishuki bei hata zikitumika, na vijiti vya vile vipadi vinajulikana dunia nzima kwa kulegea. Vipande vyenyewe ni vidogo, mtu mwenye viganja vipana ataumia vidole. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Ulaya au Dubai, mwagize. Ila asikuletee Switch Lite kwa kuona ni rahisi: padi haitoki, na haiungi kwenye TV. Hiyo ni ya mtu mmoja.

Ya tatu: PS5 yenye diski

Kama hela ipo, sawa. Inacheza karibu diski zote za PS4, kwa hiyo ushauri wangu wote wa gemu unabaki. Padi za PS4 zinafanya kazi humo kwa gemu za PS4 pekee. Epuka ile isiyo na sehemu ya diski, vinginevyo bando litaimaliza bajeti ya chakula.

Ya nne: Xbox Series S

Ni mashine nzuri yenye bei ya kuvutia, ila haina diski kabisa. Nyumba yenye intaneti ya waya isiyo na kikomo, ifikirie. Nyingine, pita.

Ya mwisho: vile vijiti vya HDMI vyenye maelfu ya gemu za zamani

Utaviona vimening'inia kwenye maduka ya vifaa vya simu, vina padi mbili zisizo na waya, bei ya kuchekelea. Vitufe ni vichache, kwa hiyo ungedhani vinamfaa mgeni. Lakini gemu nyingi za zamani za mashine za sarafu zilitengenezwa ili ufe haraka uweke sarafu nyingine. Mgeni anakufa kila sekunde ishirini. Padi zinachelewa kuitika, na mara nyingi gemu zenyewe zimenakiliwa bila ruhusa ya wenyewe.

Ukishafika nayo nyumbani

Nunua stabilaiza. Umeme ukikatika ghafla, PS4 ikiwaka tena itakagua kwanza hifadhi yake ya ndani. Iache imalize, usiichomoe kwa hofu. Kile kitambaa cha kufuma kinachofunika TV kisifike kwenye mashine, inahitaji hewa, na vumbi letu la Julai haliisamehe. Na kama TV yenu bado ni ya chogo isiyo na tundu la HDMI, hesabu TV kwenye bajeti kabla ya kitu kingine chochote.

Sisi sasa tumefika nusu ya It Takes Two. Gemu hiyo haichezwi na mtu mmoja, haina hata namna ya kujaribu peke yako. Mume wangu yuko Serengeti na wageni hadi Jumamosi, kwa hiyo diski iko ndani ya mashine na padi yake iko kwenye chaji.