Vitz Yangu na Fundi Aliyetaka Kuongea na Shemeji

Niseme mapema kwamba sikuja hapa kuiponda Vitz, kile kigari cha Toyota. Wenye hamu ya kusikia kuwa vigari vidogo ni takataka watafute mwingine. Hasira ninazo, tena nyingi, ila zina mwenyewe. Mwenyewe huyo anavaa ovaroli ya bluu na ana gereji chini ya mwembe, mtaa sitautaja kwa sababu nusu ya wateja wake ni majirani zangu na wengine tunasali pamoja.

Gari yenyewe ni Vitz ya umbo la pili, ya silinda tatu. Niliichukua mkononi kwa dada mmoja aliyekuwa anahamia Mwanza. Kuagiza Japani nilipiga hesabu nikaachana nako. Gari ikishavuka miaka 8 tangu itengenezwe, TRA, mamlaka ya mapato, wanakuongezea ushuru wa uchakavu, na Vitz za umbo hili zilishavuka huko zamani. Wenzetu wa Kenya hata hiyo nafasi ya kuongezewa ushuru hawana, iliyozidi miaka 8 kwao haiingii kabisa. Basi nikaingia soko la mkononi, ambako kila gari "ilitunzwa na mwanamke, haijawahi kugongwa". Yangu kweli ilitunzwa na mwanamke. Kuhusu kugongwa, mlango wa nyuma kushoto una rangi yake peke yake, na mimi na yule dada tulikubaliana kutoliongelea.

Mazuri yake nayajua kwa moyo. La kwanza wese. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei mpya za mafuta, ofisini kwetu wenye magari makubwa wananuna hadi mchana. Mimi nanuna kidogo, kwa heshima, halafu naendelea na chai yangu. La pili ni kupenya. Kariakoo napaki mahali ambapo mwenye Harrier anapita akitazama tu. Nikikosea njia, nageuza kwa mkupuo mmoja hata kwenye kichochoro cha mtaani kwetu chenye genge upande huu na fundi cherehani upande ule.

Kuna na vituko vyake ambavyo sijui niviweke kwenye mazuri au mabaya. Spidi mita iko katikati ya dashibodi, siyo mbele ya dereva, kwa hiyo mama mkwe akikaa kiti cha mbele anaisoma vizuri kuliko mimi na anaitangaza. "Sitini na tano hiyo, mama." Redio ilikuja na masafa ya Kijapani yanayoishia 90, stesheni zote zilizo juu ya hapo hazishiki mpaka ufungiwe kifaa cha kubadilisha masafa. Halafu kuna yule mama wa Kijapani. Kila nikiwasha gari anasema sentensi moja ndefu kwa adabu nyingi. Niliambiwa ni kifaa cha kulipia barabara za kule kwao, analalamika kwamba kadi haimo. Mwanangu mdogo humwitikia "marahaba". Sijakitoa kile kifaa na sitakitoa.

Mabaya ni yale yale ya wote wenye vigari hivi. Iko chini, na matuta ya barabara zetu nyingine yamejengwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na wenye magari madogo. Ukisimama kwenye taa, hizo silinda tatu zinakutikisa hadi hereni. Buti linameza mfuko mmoja wa mchele na manung'uniko. Mvua ikinyesha sana Jangwani, usijaribu. Ukipakia watu wazima wanne na kuwasha AC, kwenye mlima unaizima AC mwenyewe bila kuambiwa. Hayo yote niliyajua kabla sijanunua, siyalalamikii.

Ninacholalamikia ni kudharauliwa. Ukiendesha Vitz unadharauliwa na lori, na daladala, na mlinzi wa geti la benki anayekuelekeza upaki kule kwenye jua. Lakini wote hao wanakudharau wakiwa nje ya gari. Fundi anakudharau akiwa na boneti yako wazi.

Nilipeleka kwa sevisi ya kawaida, oili na filta, basi. Akaichungulia, akanusa, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Dada, mafuta ya giaboksi yameungua. Tubadilishe." Nikamwambia sawa, ila hii ni CVT, otomatiki isiyo na gia za kubadilishana, ina mafuta yake, nitayanunua nikuletee. Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza. Si kwa kunisikiliza. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mtoto aliyeongea mbele ya wageni.

"Dada, mafuta ni mafuta. Haya naweka mpaka Prado."

Nikasema, fundi, Prado siyo CVT.

"Shemeji yuko wapi? Mwambie aje, mimi nitamwelewesha."

Jamani. Shemeji anayemtaka hana leseni. Hajawahi kuwa nayo. Mume wangu ni mtu mwema, anapanda mwendokasi, anasoma gazeti lake, na ukimwambia fungua boneti anakwenda nyuma ya gari. Mimi ndiye ninayeijua hii gari, mimi niliyeinunua, jina langu ndilo liko kwenye kadi. Nikamwambia yote hayo, naye akatabasamu. Nikampa maagizo mbele ya vijana wake: oili na filta tu, giaboksi usiguse, mafuta nitaleta Jumamosi. Akasema "hamna shida, dada". Nikaenda kazini.

Jioni nikakuta bili ina mafuta ya giaboksi. Nikauliza, akasema alikuwa ananisaidia, ameona nitachelewa. Mafuta gani? "Mazuri." Kijana wake mmoja, mwanafunzi wa gereji, ndiye aliyeninong'oneza getini kwamba yametoka kwenye dumu lile lile la haidroliki, mafuta ya otomatiki za kawaida, walilotoka kuimwagia Noah ya mzigo. Huyo kijana Mungu ambariki, akafungue gereji yake.

Haikupita muda. Ilianza na mtetemo asubuhi nikitoa mguu kwenye breki, gari inajikunjakunja kabla ya kuondoka. Kisha ikawa nikikanyaga mafuta injini inapiga kelele kubwa na gari inakwenda kwa hiari yake. Kisha ikaja Kimara. Wanaoijua Morogoro Road ya sasa, njia nane kutoka Kimara kwenda Kibaha, wanajua kwamba hapo si pa kuishiwa nguvu jioni. Nilikuwa napandisha, nikakanyaga, injini ikalia kweli kweli, na gari ikasimama. Haikuzima! Ingezima ningeelewa. Inanguruma na haiendi. Nyuma yangu basi linapiga honi, bodaboda wananipita pande zote mbili, konda mmoja ananing'inia mlangoni ananiambia, "Mama, shuka usukume hilo toroli!" Na yule mama wa Kijapani, nilipojaribu kuzima na kuwasha upya, akanisalimia tena kwa adabu zake zote.

Usiku ule niliichukia Vitz. Niliichukia yenyewe, na walioitengeneza, na dada wa Mwanza. Brekidauni ilinitoza hela ambayo nikiiandika hapa mume wangu ataiona. Nilisema nauza, hata kwa bei ya spea.

Kesho yake nikamrudia fundi. Neno la kwanza kutoka kinywani mwake: "Shemeji hajaja?" La pili: "Hizi Vitz ndivyo zilivyo, dada. Ni gari za kike, za kupeleka watoto shule. Uza, chukua IST." La tatu, sikilizeni, la tatu ni kwamba nimpe hela ya kuangalia tatizo.

Gari ya kike! Ndugu yake mkubwa wa hii gari, ile Vitz ya umbo la kwanza, huko Ulaya ikiitwa Yaris ilichukua tuzo ya Gari la Mwaka 2000. Waliipigia kura wanahabari wa magari wa Ulaya. Sidhani kama kuna aliyeuliza shemeji yuko wapi. Nilitamani kumwambia hayo, ila hasira ilishanikaba koo, nikaishia kusema "nipe funguo". Mpaka leo najibu lile neno nikiwa bafuni.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Temeke. Simsifii kupita kiasi, maana alikaa na gari muda mrefu kuliko alivyosema, na kila nikipiga simu ananieleza kwanza habari za Yanga. Lakini aliniuliza mimi. "Mwanangu, ilianza vipi? Ikiwa ya baridi au ikishapata moto?" Aliyasikiliza majibu. Kisha akaniinamisha chini ya gari na tochi akanieleza, nami nawaeleza kwa sababu ningepata maelezo haya mapema ningeepuka brekidauni.

Hii giaboksi haina gia za kubadilishana. Ina puli mbili na ukanda wa chuma katikati. Puli zinajibana na kujiachia, ukanda unapanda na kushuka, ndiyo maana Vitz nzima haina ule mshtuko wa kubadili gia. Kazi yote inategemea ukanda kung'ang'ania puli, chuma kwa chuma, na mafuta ya CVT yametengenezwa yaruhusu kung'ang'ania huko bila kusagana. Ukiweka haidroliki ya otomatiki ya kawaida, ukanda unateleza. Ukiteleza unakwangua puli, na unga wa chuma unazunguka humo ndani na kumaliza kilichobaki. Mzee alifungua sampo ya giaboksi, lile bakuli la mafuta la chini, akanionyesha sumaku zake. Zilikuwa na manyoya meusi ya chuma. Nilikaa kimya kidogo pale.

Kama una Vitz na hujui yako ni ipi, tazama namba ya chesisi kwenye kadi. Ikianza na KSP90 au SCP90, hiyo ni CVT, na usikubali dumu lisilo na neno CVT hata fundi akiwa mjomba wako. Ikianza na SCP10, yale maumbo ya zamani, otomatiki yake ni ya kawaida ya gia nne. Na ukitaka mafuta yamwagwe, nunua mwenyewe, simama pale, tazama yakiingia. Watasema una kiburi. Waache.

Mzee alimwaga, akasafisha, akabadilisha filta, akaweka mafuta sahihi, akaendesha, akamwaga tena, akaweka mengine. Mafuta yale ni ghali, sifichi. Gari ilirudi. Si yote. Asubuhi za baridi za Julai inatetemeka kidogo kabla haijakubali, na mzee anasema ukanda umeshaumia, huenda ukadumu miaka, huenda usidumu. Giaboksi ya mtumba ipo Ilala, lakini ukiulizia bei utakumbuka viwanja ulivyoacha kununua.

Kwa hiyo ninunue Vitz au nisinunue, mtaniuliza. Kwa wiki kadhaa jibu langu lilikuwa usinunue. Gari inayokufa kwa sababu ya dumu moja la mafuta, katika mji ambao kila mwembe una fundi mwenye dumu hilo, haijatengenezwa kwa ajili yetu. Na linaniuma kukiri hili, ila lile jitu la ovaroli lilikuwa na hoja ndogo: IST ya umbo la kwanza ina otomatiki ya gia nne, dumu lake la haidroliki lisingeidhuru, na pengine ndiyo maana nusu ya mji inatembelea IST. Inawavumilia mafundi wetu.

Halafu jana nikaipeleka Mbagala na kurudi kwenye foleni ya kufa mtu, na mshale wa mafuta ulishuka kidogo tu. Nikapaki upenuni kwa shangazi mahali ambapo hata bajaji ingefikiria mara mbili. Jirani yake akaniuliza kama nauza. Nikamtajia bei ya kijinga ili akatae. Akataka kufikiria! Nikamwambia nimeshabadili mawazo.

Nikipata bei nzuri nitauza. Si mwezi huu, mwezi huu tuna harusi Bagamoyo.

Na wewe fundi, ikikufikia hii: ile spana yako namba 10 uliyoisahau chini ya kiti cha dereva ninayo. Ukiitaka, mtume shemeji.