Uzoefu wangu na chaji kontrola ya MPPT kwenye paneli ya wati 250

Paneli yangu ya sola ni ya wati 250, yenye seli 60, na ilikuwa ikichaji betri ya volti 12 kupitia chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri) ya kawaida, ya aina ya PWM. Jua la mchana likiwa kali kabisa, kilichoingia kwenye betri kilikuwa ampea 8 hivi, yaani wati zilizozidi 100 kidogo tu. Nilipofunga badala yake kontrola ya aina ya MPPT, ya ampea 30, kioo chake kilionyesha volti 28 na ampea 7.6 upande wa paneli, huku betri ikipokea ampea 15 kwa volti 13.5. Paneli ni ile ile, jua ni lile lile, lakini umeme umekaribia kuwa maradufu.

Sababu yake haina uchawi. PWM huiunganisha paneli moja kwa moja na betri, hivyo paneli ambayo hutoa nguvu nyingi zaidi kwenye volti 30 hivi hulazimika kushuka hadi volti 13 za betri, na ampea haziongezeki kufidia pengo hilo. MPPT huitafuta kila wakati ile hali ambayo volti zikizidishwa kwa ampea hutoa wati nyingi zaidi, kisha hupunguza volti na kuongeza ampea kabla ya kuzipeleka kwenye betri. Ndiyo maana mwenye paneli ya seli 36, ambayo volti zake 18 hushuka kuelekea 15 inapopata joto, hatapata ongezeko kama langu, na kwa maoni yangu hana haja ya kuharakisha kununua.

Wati 250 kamili sijaziona, wala sikuzitarajia: kipimo hicho huchukuliwa seli zikiwa na nyuzijoto 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hula takriban asilimia 0.4 ya nguvu. Joto la juu ya bati huipita nyuzi 25 kwa mbali, kwa hiyo kuacha nafasi ya hewa chini ya paneli bado kuna faida yake. Kivuli na vumbi navyo ni vya kuondoa kwa mkono, kontrola haiwezi.

Kasoro zipo. Kioo hakisomeki juani, matundu ya kuingizia waya ni membamba mno kwa waya mnene unaohitajika, na kijitabu hakisemi popote kwamba betri huunganishwa kwanza, paneli baadaye. Aina ya betri nayo lazima uichague mwenyewe, kwani kontrola hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa betri ya asidi.

Anayetaka kuongeza paneli aangalie kikomo cha volti cha kontrola yake. Yangu inavumilia volti 100. Paneli mbili kama hii zikiungwa kwa mfululizo hufika volti 76 hivi zisipokuwa na mzigo, na hupanda zaidi asubuhi ya baridi, ila tatu zingeiunguza.