Gereji isiyo na kibao, Msamvu Morogoro: nyota nne

Sikupanga kusimama Morogoro. Nilikuwa na harusi Iringa siku ya Jumamosi: mahema mawili na nguzo zake, viti vya plastiki 200, majiko ya gesi na jenereta, vyote juu ya tela langu la magurudumu mawili nyuma ya Hilux dabo kebini. Tulitoka Dar Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, mpwa wangu kashika usukani, mimi nasinzia pembeni. Tumeshapita Chalinze, tunaikaribia Mikese, nikaamshwa na harufu. Nimepikia watu 500 si mara moja wala mbili, mafuta yakiungua nayajua hata nikiwa ndotoni, ila haya hayakuwa ya jikoni.

"Shangazi, tela linatoa moshi."

Tukaweka pembeni. Kijana akakata matawi na kuyatandika barabarani kabla sijamkumbusha kwamba pembe tatu tunazo, tena mpya, ziko chini ya kiti. Gurudumu la kushoto lilikuwa linafuka, na ukiinamia pale katikati unasikia joto usoni kama umefunua chungu. Akachukua dumu la maji amwagie. Bahati nzuri semi moja ilikuwa imesimama mbele yetu, utingo wake akapiga kelele: "Usimwage! Chuma hicho kitapasuka!" Ndiye aliyenipa namba ya fundi huyu ninayeandika habari zake leo.

Kwenye simu fundi hakuniuliza niko wapi kwanza. Aliuliza, "Ekseli ya gari gani?" Nikamwambia ya Hilux ya zamani, tela lilichomelewa Gerezani, Dar. "Msilisogeze hata hatua moja. Nakuja." Akafika na bodaboda baada ya kama saa nzima, mfuko wa salfeti begani, ndani yake beringi za kuzungushia gurudumu, sili za kuzuia grisi isivuje, kopo la grisi na spana zake. Mzee wa makamo, mpole, ana tabia ya kuongea na chuma zaidi ya watu.

Alipong'oa kifuniko cha habu, pale katikati ya gurudumu, akaniita. "Mama, njoo uone." Sikuwa na hamu, ila nikaenda. Ile nati ya mwisho inayoshikilia gurudumu zima lisichomoke hupitishiwa pini ili isilegee yenyewe. Langu halikuwa na pini. Lilikuwa na msumari. Msumari wa mbao, umekunjwa na nyundo, basi. Na nati yenyewe ilikuwa imekazwa mpaka mwisho, beringi zikakosa pa kupumua, grisi imegeuka kama masizi ya kandili. Wiki tatu kabla nilikuwa nimelipa gereji moja Dar, jina nalihifadhi, kwa ajili ya "sevisi kamili ya tela". Nikanyamaza tu, maana ningefungua mdomo pale ningetukana.

Akabadilisha upande ule palepale kando ya lami, akapiga msasa sehemu ya shafti iliyokwaruzika, akasema tuendeshe taratibu hadi kwake ili aufungue na upande wa kulia. Mimi nikaanza kuhesabu saa. Upande wa kulia ulikuwa hautoi moshi, kwa nini tuufungue? Akajibu bila kuniangalia, "Aliyefunga kushoto ndiye aliyefunga kulia." Sikuwa na la kusema. Tulipofika tukaukuta msumari wa pili.

Sasa gereji yenyewe. Usitafute kibao, hakuna. Ni uwanja wa udongo mweusi wa oili, mwembe mmoja, kibanda cha mabati na milima ya Uluguru nyuma yake kama mapambo. Pa kukaa hapana, labda juu ya tairi kuukuu. Choo utaazima kwa mama ntilie wa jirani, na ustaarabu ni kununua chai kwanza.

Lakini kazi. Nilisimama nikamwangalia anavyopaka grisi, kwa sababu mimi nilidhani ni kupaka kama siagi kwenye mkate. Yeye alichota fungu la grisi akaliweka kwenye kiganja cha kushoto, akashika beringi kwa mkono wa kulia, akawa anaukandamiza ukingo wake mpana kwenye kiganja, anasukuma, anazungusha kidogo, anasukuma tena, mpaka grisi ikaanza kuchomoza upande wa pili katikati ya vile vyuma vidogo, nyuzinyuzi kama tambi zinavyotoka kwenye mashine. Hapo ndipo akaridhika na kipande kile, akahamia kinachofuata, akaizunguka yote. Ndani ya habu lakini hakujaza. Nikamwuliza mbona anabania, akaniambia grisi ikishindiliwa sana nayo huchemka.

Kwenye kukaza nati ndipo aliponivutia kabisa. Alikaza huku anazungusha gurudumu kwa mkono mwingine mpaka likawa zito, akalegeza yote, kisha akaikaza tena kwa vidole tu, bila spana, akarudisha nyuma kidogo kutafuta tundu la pini. Pini mpya ikapita, akaikunja masikio. Akamshika mpwa wangu bega. "Sasa wewe." Akaitoa pini, akailegeza nati, akamwachia. Kijana alirudia mara tatu. Mara ya kwanza alikaza kama anafunga mtungi wa gesi, mzee akatikisa kichwa tu. Mara ya tatu akaguna, na nadhani ndiyo sifa pekee anayotoa.

Kisha akazunguka tela lote bila kuombwa. Upepo: tairi moja 28, jingine 41, na mimi nimejaza kwenye kituo kimoja siku moja, sijui yule kijana wa pampu alikuwa anaangalia nini. Stepni aliikataa. Alinionyesha namba nne zilizo ndani ya duara refu ubavuni: 1114. Maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2014. Kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga lami, bado zilikuwa nzuri, nikajua tu huyu anataka kuniuzia tairi. Kumbe hauzi tairi. Akanionyesha nyufa nyembamba chini ya kashata, akasema hili litakupeleka kijiji cha pili tu. Taa alimaliza kwa dakika tano: ethi, yaani pale waya wa taa unapofungwa kwenye chuma cha tela, ilikuwa na kutu, akaisugua, indiketa zikaacha kuwaka kama disko.

Kile chuma cha nyuma ya gari kinachovuta tela yeye hukiita toba. Nikacheka, nikamwambia toba ninayoijua mimi ni ya kuombea dhambi. Akasema, "Hii ukiifunga vibaya, mama, utaenda kuiomba hiyo nyingine." Mnyororo wetu wa usalama ulikuwa mrefu unaburuzika, akaufupisha na kuupitisha kwa kukingamisha chini ya mkono wa tela, kile chuma kirefu cha mbele kinachoungana na gari, ili toba ikichomoka mkono udakwe usichimbe lami.

Kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa fundi yeyote ni habari ya mzigo. Siku zote tela langu likipitwa na basi la mikoani lilikuwa linacheza mkia, gari zima linatikisika, na mimi nikimlaumu dereva wa basi. Mzee akaenda kuazima mizani ya jukwaa kwa muuza mchele wa jirani, akaiweka chini ya mkono wa tela. Ikasoma kilo 40. Kwa tela na mzigo vilivyopita tani kidogo, akasema anataka karibu kumi kwa mia iegemee kwenye gari, yaani kama 100. Kosa lilikuwa jenereta. Mimi hulipakia mwisho kabisa nyuma kwa sababu ndilo la kwanza kushushwa ukumbini. Tukalihamishia mbele ya ekseli, viti vikarudi nyuma, mizani ikasoma 95. Watu wanne walibeba, na mmoja alikuwa muuza mchele mwenyewe, aliyekuja kufuata mizani yake.

Katikati ya hayo yote, saa sita na robo, alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Tela liko juu ya jeki na magogo, gurudumu moja liko chini. Sala ni sala, simlaumu, ila angenidokeza mapema ningekula wakati ule badala ya kula baadaye wakati yeye yuko kazini. Na mimi ndiye niliyekuwa na harusi.

Aliporudi na kumaliza hakuchukua hela. Alitutuma twende mpaka Mzumbe na kurudi, kisha kijana aweke mkono katikati ya kila gurudumu. Ukiweza kuhesabu hadi kumi mkono umetulia, nenda. Ukiuondoa kwenye tatu, rudi. Tulirudi tukahesabu mpaka kumi na tano. Akakaza nati za tairi upya, maana zikishafunguliwa huwa hazikai sawa mpaka zitembee, akatuagiza tuzikague tena Mikumi mjini.

Gharama: beringi seti mbili na sili 110,000, ufundi 60,000 pamoja na safari ya Mikese, bodaboda 20,000. Bei haipungui. Nilijaribu, nikaambiwa, "Msumari ni bure, mama, unautaka?" Stepni nilinunua kwingine.

Njiani tulitii. Ndani ya hifadhi ya Mikumi yale matuta yalichomoa plagi ya taa, tukaigundua tuliposimama kukagua nati, hivyo sasa naifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ruaha Mbuyuni kijana akashika magurudumu, mimi nikanunua vitunguu. Ilula akashika tena. Basi mbili zilitupita kwa fujo ileile ya siku zote na tela likatulia kama mtoto aliyeshiba. Tuliingia Iringa usiku, wenye harusi wamenuna, lakini mahema yalisimama kabla ya saa tatu asubuhi.

Kurudi ndiko nilikokuwa na hofu, kwa sababu ya kushuka mlima mkali wa Kitonga. Tela langu halina breki na mzee alishaniambia, "Breki yake ni gia yako." Tulishuka na gia ya pili kuanzia juu kabisa, siyo baada ya gari kuanza kusukumwa, malori yako nyuma yetu yanapumua kwa hasira. Kijana aligusa breki mara chache, kwa muda mfupi, akaziachia zipoe. Tulipofika chini nikashuka kushika magurudumu mimi mwenyewe. Nikahesabu hadi kumi.

Nyota ya tano namnyima kwa mambo mawili. Risiti hana, ananiandikia kwenye kipande cha boksi la beringi, na mimi nina mahesabu ya biashara. La pili, hakuambii kazi itachukua muda gani. Ukimwuliza anasema "tunaona." Tuliona saa tano nzima.

Ukitaka kwenda, ulizia mwembe wenye kibanda cha mabati, bodaboda wengi wa pale stendi wanamjua. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, na Ijumaa usiende kama una haraka. Nenda na mzigo wako kamili, maana tela tupu halimwonyeshi kitu. Chapati za yule mama ntilie ziagize mapema, saa nne zimekwisha.