Corpse Party ya 2015: bajeti ndogo lakini kile kikaratasi hakijanitoka kichwani

Naanza na hili kabisa, usiiangalie hii muvi usiku peke yako ukiwa umetoka kugombana na rafiki yako. Mi ndo nilivyofanya na sikulala vizuri siku tatu.

Corpse Party ni muvi ya kutisha ya Kijapani, imetoka 2015, kaiongoza Masafumi Yamada, na yule dada anayecheza kama Naomi anaitwa Rina Ikoma, wakati ule alikuwa bado mwimbaji wa Nogizaka46, kundi la wasichana waimbaji la Kijapani, ndo yeye aliyesimama katikati kwenye singo yao ya kwanza ya 2012. Ukiijua hiyo unaelewa kwanini muvi ilipata watu wa kuiangalia, maana pesa haikuwepo, inaonekana kabisa. Jengo moja, korido zilezile, taa hafifu, watoto wa shule na nguo zao za shule mwanzo mpaka mwisho.

Sasa mi nilikuja kwenye muvi kupitia gemu. Nikiwa fomu tuu binamu yangu alirudi toka Muscat likizo na PSP, kile kifaa cha Sony cha kuchezea gemu mkononi, ndani kuna gemu kibao za mpira na hii moja yenye picha za katuni, nikafikiri ni ya watoto. Akanambia vaa hedifoni zima taa. Jamani. Lile gemu walirekodi sauti kwa ile namna ya maiki mbili zilizowekwa kwenye masikio ya kichwa cha bandia, kwa hiyo mtu akinong'ona kushoto unamsikia kwenye sikio la kushoto kabisa kama kakuinamia, nilitupa hedifoni kitandani nikakimbilia kwa mama. Baadaye ndo nikaja kujua stori yenyewe ni ya zamani kuliko hiyo PSP, gemu la kwanza kabisa lilitoka 1996 kwenye kompyuta za Kijapani za PC-98, limetengenezwa kwa RPG Tsukuru, programu ambayo mtu wa kawaida anaitumia kujitengenezea gemu lake nyumbani. La PSP lilitoka Japani 2010, la Kiingereza likaja 2011. Kwa hiyo hii stori tangu inazaliwa ilikuwa ya watu wasio na hela ila wanajua kutisha, na mi nikiona watu wanaidharau muvi kwa sababu ya bajeti huwa naumia.

Stori iko hivi (sisemi mwisho, ila nagusa ya mwanzoni, kama hutaki kabisa ruka hii aya). Wanafunzi wa sekondari wamebaki darasani jioni baada ya shughuli za shule. Mwenzao Mayu anahama, ndo siku yake ya mwisho. Kuna Ayumi, yule dada anayependa stori za majini na mizimu, anasema jamani nimepata dua moja tukiifanya hatutaachana maisha. Anatoa kikaratasi kilichokatwa umbo la mtu. Wote wanakizunguka, wako tisa pamoja na mwalimu wao na Yuka, mdogo wa kike wa mwenzao Satoshi, kila mtu anabana sehemu yake kwa vidole, halafu kila mmoja anasema kimoyomoyo "Sachiko-san, onegaishimasu", yaani Sachiko tunakuomba, mara nyingi kama idadi ya watu waliopo. Wako tisa, unasema tisa. Usizidishe usipunguze. Ukimaliza mnavuta wote kwa pamoja mpaka kichanike, kila mtu anabaki na kipande chake anakitunza kwenye kitambulisho cha shule.

Mi hapo pa kuvuta ndo nilipoganda. Karatasi yenyewe nyepesi tu, ila ukiangalia vile vidole vimejazana kila mmoja anang'ang'ania kipande kisichozidi ukucha, na wanatabasamu wote, na wewe unayejua kinachokuja unatamani umshike mkono hata mmoja. Haikuhitaji hela ile. Ni karatasi na vidole.

Kufumba na kufumbua sakafu inapasuka, wanazinduka wako shule ya msingi ya Tenjin, shule ambayo ilishabomolewa zamani na yao imejengwa palepale. Mbao zimeoza, mifupa ya watoto waliowatangulia imetapakaa, na kuna watoto waliouawa humo kwa mkasi bado wanazunguka, na pamoja nao kuna Sachiko mwenyewe, kitoto cha kike na kigauni chekundu. Kutoka humo unahitaji kile kipande chako cha karatasi. Ukikipoteza umekwisha.

Nani alikwambia mchezo wa kuua lazima uwe na bunduki na mshindi? Waliotazama Squid Game, ile tamthilia ya Kikorea, wakaja hapa wakitegemea raundi, mmoja anabaki anachukua hela, hamtakipata hicho. Huku hakuna mshindi, na hakuna aliyewalazimisha kucheza. Walicheza kwa sababu wanapendana. Hicho ndo kilichonikaba mimi kuliko damu yote, kwamba ile ahadi ya hatutaachana inatimizwa kweli, ila inatimizwa vibaya.

Na kwa sisi tuliosoma bweni hii haiko mbali hata kidogo. Mwaka huohuo 2015 ndo ile Charlie Charlie iliingia shuleni kwetu, penseli mbili zimepandana kama msalaba juu ya karatasi, ndiyo huku hapana kule, mnauliza Charlie Charlie upo. Nilikuwa fomu thrii, Tanga, bweni la wasichana. Penseli ilizunguka. Sijui ni upepo au pumzi zetu wenyewe, ila ilizunguka, na mwenzetu mmoja kitanda cha juu akapiga kelele akaanguka, akapandisha, na ndani ya nusu saa mabinti kama kumi walikuwa chini wanatupa miguu, matroni anasoma Ayatul Kursiyy anatetemeka sauti. Kuna waliokuja kuchukuliwa na wazazi wao asubuhi. Kwa hiyo mtu akinambia "ah nani mjinga wa kufanya dua asiyoijua kisa kaambiwa na rafiki", namjibu sisi hapa. Watoto wa miaka kumi na sita wanafanya.

Sehemu ya kutazama kwa makini ni chooni. Naomi na shoga yake Seiko wanazinduka pamoja, Seiko ni yule rafiki mwenye maneno mengi, anamtania mwenzake hata wakiwa kwenye shida, unampenda dakika ya kwanza. Halafu Naomi anamkuta chooni ananing'inia. Rina Ikoma hapo kafanya kazi, mi kwingine naona anapiga kelele kupita kiasi ila hapo nilimwamini kabisa, anamshika miguu anajaribu kumnyanyua na uzito unamshinda. Nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji.

Kasoro zipo na nazisema. Watu ni wengi kwa muvi ya saa moja na nusu hivi, kuna wengine wanakufa hata hujashika jina, wakati kwenye gemu umekaa nao masaa unajua nani anampenda nani. Historia ya ile shule inasimuliwa kwa mdomo haraka haraka, ukipiga chafya umeikosa. Mizimu mingine inaonekana wazi ni mtoto kapakwa rangi. Na sauti, ambayo kwenye gemu ndo silaha yenyewe, huku wameiacha, wanakushtua kwa mdundo wa ghafla tu kama muvi yoyote. Hilo limeniuma zaidi maana sauti si ghali kama majengo, wangeweza. Pia kwenye gemu kuna lile jambo la kutisha kuliko yote, kwamba ukifia mule ndani huku duniani unafutika, hakuna anayekukumbuka, hata mama yako mzazi anakuwa hajawahi kukuzaa. Hilo lilihitaji kupewa muvi nzima peke yake.

Damu ni nyingi, mtu mwenye roho nyepesi asijaribu, na usiweke watoto wakiwa macho, kuna watoto wadogo wanaumizwa humo na kamera haigeuki. Kuna na toleo jingine, mi niliyoiona ni ya kawaida na ilinitosha.

Kuhusu nilivyoipata, niliipeleka flashi kwenye library moja ya muvi hapa mtaani, kijana akanijazia, nikafika nyumbani nakuta sabutaito zinawahi, mtu hajafungua mdomo maandishi yameshapita, yaani unasoma kifo kabla hakijatokea. Niliangalia dakika kumi hivyohivyo nikalia kwa hasira maana nilikuwa nimeisubiri hiyo muvi miaka. Nikarudi kwake, akanijibu ndo ilivyo, hela harudishi. Kwa ambaye yatamkuta, ukiwa unatumia VLC, ile programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta bonyeza herufi H, kila ukibonyeza sabutaito zinachelewa kidogo, endelea mpaka zikae na mdomo, ukipitiliza bonyeza G zinarudi nyuma. Nilibonyeza kama mara arobaini zikakaa sawa.

Maksi zangu ni saba kwa kumi. Kama hujawahi kucheza gemu labda sita. Ya pili ilitoka 2016, Book of Shadows, bado sijaiona, nakusanya moyo kwanza.

Sasa kwanini nimesema usiiangalie ukiwa umegombana na rafiki. Mi na shoga yangu tulimaliza fomu foo pamoja, siku ya mahafali tulinunua doti moja ya kanga, imeandikwa wawili wakipendana adui hana nafasi, tukaikata, kila mtu akabaki na kipande chake, tukaapa hatuachani. Yeye sasa yuko Mwanza, mi niko Tanga, na mwezi uliopita tulikwaruzana kwa simu kwa jambo la hela ambalo hata halikuwa kubwa, tukanuniana, wiki tatu hakuna salamu. Muvi ilipoisha saa saba usiku nimekaa kitandani taa inawaka nikamkumbuka Seiko vile anavyochekesha, nikashuka nikafungua sanduku nikatafuta kile kipande. Kipo, kimeanza kuchujuka upande wa pindo. Nikakipiga picha nikamtumia, sikuandika kitu.

Alinipigia alfajiri. Nikamuuliza cha kwako unacho bado? Akanambia ninacho mwenzangu, hapa nilipo nimekibebea mtoto.